Picha ya Ijumaa

Wubshet hakuwa mtu wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Wapiga picha wengine wote wa mji wetu wa Dessie walihesabu. Habtamu, yule mwenye studio ya picha za rangi kule mtaa wa Piassa, alihesabu kwa sauti kama mwalimu wa chekechea, na wateja wake wakatoka wamekakamaa shingo, macho kodo, utadhani wamekalia sindano. Wubshet alikuwa na zake. Ukikaa kwenye kiti chake ataanza kuzungukazunguka; atasogeza taa, atairudisha pale pale, atakwambia, "Bado, bado, napima mwanga tu." Kumbe waya wa kufyatulia uko mkononi mwake, nyuma ya mgongo, na kamera imeshasimama tayari juu ya miguu yake mitatu tangu ulipovuka kizingiti. Halafu, ghafla bin vuu, anakutupia neno.

Hilo neno ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Bibi harusi mmoja, mtoto wa watu, ameketi na taji lake kichwani, Wubshet akamwambia, "Yule wa kwanza alitoka vizuri, hebu tuone na wewe." Wa kwanza hakuwapo, bwana harusi alikuwa hajawahi kuoa hata paka. Msichana akauliza, "Wa kwanza nani?" na picha ikapigwa katikati ya "nani". Itazame leo, utamwona mtu mzima mwenye wivu na akili zake, anaanza maisha. Hakimu wa mkoa alipokuja na joho lake, akaambiwa, "Mheshimiwa, yule uliyemfunga mwaka juzi ametoka, alipita hapa asubuhi." Uongo mtupu. Lakini ile picha ilitundikwa mahakamani miaka kumi na miwili. Mimi mwenyewe aliniuliza kama ni kweli mume wangu kahamia kwa mdogo wangu. Nilitaka kumrushia kiti. Picha nilipoiona nikalipa, nikaenda nayo nyumbani, na ninayo mpaka sasa. Ndivyo alivyotuweza. Alituumiza, akatupa kitu kizuri mkononi, tukasahau kwamba tumeumizwa.

Akiulizwa anajuaje ni sasa, alionyesha kidole gumba cha mkono wa kulia. "Mimi sijui kitu," alisema. "Anayejua ni huyu. Akiniwasha, nabonyeza."

Basi mwaka ule kidole kikalala. Watu waliingia, wakakaa, wakatupiwa maneno, wakashtuka, wakakasirika, lakini kidole kimya kama kimekufa ganzi. Alibonyeza kwa kubahatisha, na akizitoa picha kwenye dawa anaona nyuso tu, pua na macho mahali pake, basi. Siku moja alijikuta anahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, na aliona aibu kama mtu aliyejikojolea. Alianza kukonda. Mkewe Tiruye, mwanamke wa maneno machache lakini makali, alimwambia, "Piga kama wenzako, watu wanataka sura zao tu."

"Picha si mkate wa injera, Tiruye, mtu akamimina tu kwenye chuma."

"Naona. Ndiyo maana hailiki."

Sasa ili uelewe alichokifanya, lazima ujue jinsi sisi tunavyopeana habari ya msiba. Kwetu mtu hatamkiwi kifo cha mwanawe barabarani. Hata kama mji mzima unajua, yeye hajui mpaka siku yake. Watu wanakutana kwanza, ndugu wa mbali wanangojwa wafike, na siku ikiwadia, alfajiri kabla jogoo hajakohoa, kundi zima linakwenda mlangoni kwake. Wanaume wanasimama mbele, na wanawake wawili wenye nguvu wanapita nyuma yake polepole, mikono wazi, kwa sababu mtu akisikia lile neno hujitupa chini. Hiyo ndiyo merdo. Mpaka alfajiri hiyo, kila mtu anamdanganya kwa upendo, na asiyejua kudanganya akae nyumbani kwake. Kuna mpumbavu mmoja zamani alimwambia mwanamke habari ya mumewe katikati ya soko la Jumatatu, mwanamke akajipigiza kwenye mawe, jicho likatoka. Huyo mpumbavu hakuzikwa na mtu. Mke wake na mbwa wake ndio waliomburuta.

Lakini msiba wetu unataka picha pia. Picha ya marehemu, kubwa, yenye fremu, ndiyo inayoshikwa juu wakati wa kulia, inapita mkono kwa mkono, wanawake wanaiimbia na kujipiga vifua. Na kama mtu kafia ugenini, akazikwa huko huko, basi picha ndiyo maiti. Lazima iwe tayari siku ile. Kwa hiyo kuna watu wawili mjini wanaomjua maiti kabla ya mama yake, mwenyekiti wa chama cha mazishi na mpiga picha.

Na hapo ndipo kidole kilipoamkia. Fundi cherehani mmoja aliingia kutaka picha ndogo ya kitambulisho. Kaka yake alikuwa kafa juzi yake huko Asosa, picha ya kaka ilikuwa inakauka kwenye kamba nyuma ya pazia hatua tatu tu kutoka pale alipoketi, na yeye anachekacheka, anauliza kama kola imekaa sawa. Wubshet hakumtupia neno lolote. Alimtazama tu, akijua. Kidole kikawasha, akabonyeza.

Ile picha hakumpa fundi. Alimpa nyingine, na ile akaiweka kwenye kopo la biskuti. Baada ya fundi akaja mjane mmoja, baada ya mjane akaja mwalimu, hao nao wamefiwa na hawajaambiwa, na Wubshet aliwavuta mwenyewe kwa visingizio, eti njoo nijaribu taa mpya, njoo bure. Alikuwa akifunga mlango na kuzipanga mezani zile picha tatu, anaziangalia kama mtu anayesikiliza. Zilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Lakini yeye alizilaumu. Hawa wote wamesimama ukingoni, alijiambia, hakuna hata mmoja aliyeanguka. Alitaka mmoja anayeanguka. Alilitamani jambo hilo waziwazi moyoni mwake, na alijua analitamani. Msimsingizie shetani, shetani ana kazi nyingi, hii haikuwa yake.

Jumatano, saa nne asubuhi, Gashe Yimam aliingia studio, akafunga mlango nyuma yake. Gashe ni heshima ya mzee, na huyu Yimam ndiye mwenyekiti wa chama cha mazishi cha mtaa wetu, mzee mrefu, mpole, ambaye akivua kofia barabarani watu wanajishika vifua. Akatoa mfukoni picha ndogo kama stempu.

"Sisay," alisema. "Mtoto wa Zenebech. Alianguka kutoka ghorofani huko Jidda, kwenye kazi ya ujenzi. Jumatatu. Wameshamzika."

Wubshet akashika kichwa. Usimwone kama jiwe, aliumia. Sisay alikuwa kijana wa pekee wa kiume kwa Etete Zenebech, yaani Mama Zenebech, na Zenebech huyu aliwauzia mkate wa ngano watoto wote wa mtaa, Wubshet akiwemo, na kumfuta makamasi kwa upindo wa shuka lake.

"Itakuwa Jumapili alfajiri," alisema Gashe Yimam. "Binti yake Wosene ameitwa kutoka Gambela, atafika Jumamosi usiku. Hatumwambii mama bila binti kuwepo. Ikuze, mwanangu, itoe kubwa kadiri inavyokubali. Na sikiliza. Zenebech alikuwa anasema sokoni anataka kupiga picha ya kumpelekea mwanawe. Akija hapa, umefunga. Umesikia? Dawa zimekwisha, taa imeungua, unaumwa tumbo, chochote."

"Nimesikia, Gashe."

"Uso wako si mzuri kwa uongo."

"Nitajificha nyuma ya pazia," Wubshet alisema, na mzee akatabasamu kidogo, akaondoka.

Ijumaa mchana, mji mzima umetulia na mfungo wake na mchuzi wa shiro usio na siagi, Etete Zenebech akagonga. Alikuwa amevaa gauni jeupe la sikukuu lenye tarizi kifuani, na shuka jembamba la pindo la dhahabu, nywele zimesukwa upya, wanja machoni. Wubshet alimwona kupitia dirisha. Alikuwa na muda wa kutosha. Mlango ulikuwa umefungwa, taa zimezimwa, angeweza kukaa kimya na yule mama angekwenda zake. Alisimama kama mtu aliyekanyaga waya wa umeme. Kisha kidole gumba kikawasha.

Akafungua.

"Nilidhani hupo," alisema Zenebech.

"Nipo, Etete. Nilikuwa nafagia. Ingia, ingia."

"Nataka picha moja nzuri. Ya kumpelekea Sisay. Isiwe ya kuzeesha."

"Wewe uzee utautoa wapi?"

"Unao wewe, naona, umekonda kama fimbo ya kasisi. Tiruye hakupi chakula?"

"Ananipa maneno."

"Hayo yana vitamini," alisema, akaketi, akalipanga shuka begani.

Wubshet akawasha taa ya kwanza, ya pili. Akasogeza moja, akairudisha. Bado, Etete, bado, napima mwanga. Alizunguka kiti, na waya mkononi nyuma ya mgongo. Kwenye kamba, ndani, nyuma ya pazia, Sisay alikuwa ananing'inia kwa vibanio viwili, mkubwa kama dirisha, anatabasamu tabasamu la picha ya pasipoti. Mama yake akasema, "Nikitazama huku ni sawa?" na akatazama upande wa pazia. Wubshet alisikia kidole kinawasha. Angeweza kubonyeza hapo. Ingekuwa ya nne, nzuri kuliko zile tatu, na mama angeamka, angeshukuru, na kwenda zake, na Jumapili angepata merdo yake kama mtu. Nataka mjue kwamba hilo alilifikiria. Alifikiria na Gashe Yimam, na wale wanawake wawili wa kumshika, na lile jicho lililotoka sokoni. Alifikiria yote, halafu akapiga hatua moja mbele, akaupima umbali kati ya kiti na pembe ya meza, mama asije akajigonga, na hicho ndicho kitu pekee cha huruma alichokifanya siku ile.

"Etete," alisema, kwa sauti ile ile ya kupima mwanga. "Hii picha huna wa kumpelekea. Sisay alianguka Jumatatu."

Akabonyeza.

Zenebech hakujitupa. Mikono yake ilibaki mapajani. Alimtazama Wubshet, na Wubshet, aliyekuwa amejiandaa kwa mayowe, akageuka kuzima taa moja.

"Ulikuwa unajua tangu lini?" aliuliza mama.

"Jumatano."

"Mimi tangu jana." Alizungumza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. "Jirani yangu Beletu, ambaye hajanisalimu miaka saba kwa ajili ya ule mfereji wa maji machafu, alikuja jana mlangoni kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia umependeza. Wenye duka wanazima redio nikipita. Mnadhani mimi mjinga? Nimesimama nyuma ya wanawake wangapi mimi, nikiwashika?"

"Sasa kama unajua, Etete..."

"Kujua si kuambiwa." Hapo ndipo sauti ilipovunjika, kidogo tu, akaiokota. "Mpaka niambiwe, nina mtoto. Sheria ni hiyo. Nilikuwa na leo nzima, na kesho nzima. Nimesuka nywele. Nimekuja kupiga picha ya kumpelekea mwanangu, kwa sababu mama mwenye mtoto ugenini anapiga picha anampelekea. Lazima mnamngoja Wosene, basi nilikuwa naye mpaka Jumapili. Siku mbili tu, Wubshet. Ungekufa ukiniachia?"

Wubshet akauweka waya chini.

"Umeipiga?" aliuliza mama.

"Ndiyo, Etete."

"Ilikuwa hapo uliposema? Ndipo ulipobonyeza?"

"Ndiyo."

Akainuka, akajifunga shuka vizuri. "Itoe kubwa, sawa na ya mwanangu. Uilete Jumapili, na filamu yake. Na usimwambie mtu. Wosene anakaa kwenye basi siku mbili kuja kunishika. Nitashikwa." Akatoka, akafunga mlango kwa adabu, na Wubshet alimwona barabarani anasimama kujibu salamu za watu, mmoja mmoja, na kuulizia watoto wao.

Mtu mwenye moyo angeichoma ile filamu mchana ule ule. Wubshet aliingia chumba cha giza. Na Jumamosi asubuhi, karatasi kubwa ilipoanza kujichora ndani ya dawa, kwanza pindo la shuka, kisha mdomo, kisha macho, alipiga magoti mbele ya sinia, akalia. Alilia kwa furaha. Hajawahi kupiga picha kama ile, na aliyewahi simjui. Hakuna kilichopinda usoni mwa yule mama. Mdomo umefunguka kidogo kama anayetaka kujibu salamu. Macho yanakutazama, na ndani yake kuna mtu anaondolewa, sasa hivi, unamwona anavyoondolewa, na mama hanyanyui mkono kumzuia kwa sababu anajua hana nguvu. Miaka yote ile kidole kilikuwa kinautafuta uso huu. Aliitundika ikauke, akatoka, akarudi kuiangalia. Alirudi mara nne kabla ya chakula cha mchana.

Tiruye akaja na chakula, akamkuta amesimama mlangoni mwa chumba cha giza, amekiziba kwa mwili wake.

"Beletu anasema Zenebech alikuja huku jana, kavaa nguo za sikukuu."

"Alikuja. Nilimwambia taa imeungua."

"Akakubali?"

"Akakubali. Akaenda zake."

"Mungu akubariki," Tiruye alisema, na machozi yakamlengalenga. "Nilikuwa na hofu na wewe, sijui kwa nini."

Jumapili alfajiri tulikwenda, watu kama arobaini, kimya, baridi ya mlima Tossa inatoboa shuka. Wubshet alikuwemo, nyuma nyuma. Gashe Yimam akagonga. Zenebech akafungua na nywele za usingizini na kusema, "Kuna nini alfajiri yote hii?" na sauti ilimtoka vizuri kabisa. Gashe Yimam akavua kofia, akasema yale maneno yote kama yanavyosemwa, bila kuruka hata moja. Wosene na Beletu walishapita nyuma. Mama akajitupa, wakamdaka. Alilia kilio cha kweli, na wote tukalia naye, na nilimwona Wubshet anajifuta uso na mabega yake yanashuka kama mtu aliyetuliwa gunia. Amenihurumia, alijisemea. Yamekwisha.

Hema likasimamishwa, mabenchi ya chama yakaletwa, kahawa ikatiwa, ubani ukawekwa kwenye makaa. Wubshet akaleta picha ya Sisay ndani ya fremu, na wanawake wakaipokea kwa mayowe. Ilikuwa kazi safi, watu walimsifu kwa sauti ya chini. Mchana, hema limejaa, sauti zimekauka, Zenebech akainua kichwa kutoka kwenye godoro alipoketi. Tangu alfajiri hakuwa amesema neno lenye maana.

"Wubshet."

Wubshet akainuka kwenye benchi lake.

"Nilikungoja na picha mbili. Umeleta moja."

Gashe Yimam akageuka. "Picha gani hiyo nyingine?"

Hapa sasa nataka tuelewane. Kuna neno moja ambalo kila mpiga picha wa nchi hii analijua tangu siku ya kwanza ya kazi, "imeungua." Filamu imeungua, Etete, samahani, mwanga uliingia. Watu wameambiwa hivyo maelfu ya mara, wanasonya, wanasahau. Wubshet angelisema pale, na Zenebech asingekuwa na la kuonyesha, na mambo yangebaki kati ya wawili hao na Mungu wao. Tulimwona anafungua mdomo kulisema. Nilikuwa nimeketi karibu, nililiona neno linafika kwenye meno. Na alishindwa. Kuhusu ile picha, kusema kwamba imeungua, mbele za watu, kwamba haikutoka! Ulimi wake ulikataa.

"Ipo, Etete," alisema. "Imetoka."

Akaenda mwenyewe kuifuata, nusu anatembea nusu anakimbia. Akarudi nayo ndani ya fremu, imefunikwa gazeti, akaiweka juu ya meza karibu na ya Sisay, akaondoa gazeti.

Sisi uso ule tunaufahamu. Nani pale hakuwa amesimama alfajiri mlangoni mwa mtu? Nani hakuwahi kuwa nao mwenyewe? Unakuja mara moja, neno likiingia, na haudumu hata pumzi mbili, na haufanani na uso mwingine wowote wa binadamu. Tuliutazama, tukalitazama lile gauni la sikukuu, zile nywele zilizosukwa, lile pazia la studio nyuma yake. Beletu akaanza kutikisa kichwa polepole.

"Hii ni ya lini?" aliuliza Gashe Yimam.

"Ijumaa," alijibu Zenebech, na Wubshet hakukanusha.

"Nani alikuwa naye?"

"Nilikuwa peke yangu. Na yeye."

Na unajua Wubshet alifanya nini, mbele ya macho yetu sote, mbele ya mama wa watu? Aliona mwanga wa mlango wa hema unapiga kwenye kioo cha fremu. Akanyoosha mkono, akaigeuza picha kidogo, pembe kidogo tu, ili mng'ao usikae juu ya macho. Tuone vizuri. Akarudi hatua nyuma, akaitazama.

Tiruye alikuwa kwenye mabenchi ya wanawake. Alitoa sauti ndogo, akajifunika uso wote kwa shuka.

"Filamu yake," alisema Zenebech.

Wubshet akaitoa mfukoni, kipande kidogo ndani ya karatasi. Mama akakipokea, akakiangusha kwenye makaa ya ubani, kikajikunja, kikanuka vibaya, kikaisha.

"Wubshet," alisema Gashe Yimam. Hakupandisha sauti. "Jina lako linatoka kwenye daftari letu leo. Ukifiwa usitugongee. Ukifa, hatutasikia. Toka."

Alitoka. Na benchi alilokuwa amekalia hakuna aliyelikalia tena siku zote tatu, ingawa wengine walisimama. Tiruye alibaki na wanawake, akapika, akaosha vikombe, na hema liliposhushwa alikwenda kwa mama yake huko Kombolcha na mtungi wake wa kahawa.

Ile picha Zenebech aliitundika ukutani kwake, kando ya mwanawe, na kila aliyekuja kutoa pole aliiona. Watu walitoka Woldia kuja kuiona, wasiomjua hata marehemu. Hata Habtamu alikuja, akasimama mbele yake kofia mkononi, akatoka bila kuaga. Wubshet peke yake ndiye aliyekatazwa kizingiti kile.

Studioni hakuingia mtu tena. Alikuwa akikaa mlangoni kwenye kigoda, na akiona mtu anateremka kutoka upande wa nyumba ya Zenebech anainuka, anamfuata hatua chache. Mimi alinifuata mpaka kwenye kona ya msikiti. Nilidhani ataniomba nimwombee msamaha, nilikuwa nimeshaandaa matusi yangu.

"Niambie tu," alisema. "Bado ipo? Ameiweka upande gani, wa dirishani?"

Nilipinda kona, nikamwacha pale. Hakuna aliyemjibu.